Daftari la Oili: Mafunzo kwa Waendeshao Pikipiki

Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Watu wengi huitumia methali hii kwa fedha na bidhaa za duka. Leo twataka kuonyesha kazi yake katika kitu kingine, nacho ni oili iliyomo ndani ya injini ya pikipiki. Neno letu ni hili: kupima oili ni vema, bali kupima na kuandika ni vema zaidi, kwa kuwa kipimo cha leo chaeleza hali ya leo tu, lakini vipimo vilivyoandikwa vyaeleza ugonjwa wa injini kabla haujaiua.

Wasomaji wetu wa Balangdalalu, na wa vijiji vingine vya Hanang na Mbulu, wajua jinsi pikipiki ilivyokuwa miguu ya nchi hii. Tangu kanuni za Serikali za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki kuchukua abiria kwa malipo, kazi ya bodaboda imekuwa riziki ya vijana wengi. Pikipiki hupeleka gunia la mahindi mnadani, humchukua mwalimu shuleni, na usiku wa manane humchukua mama mwenye uchungu kwenda hospitali, Haydom au Katesh.

Wengi katika vijana hawa huendesha pikipiki ya tajiri kwa mkataba. Hulipa hesabu kila siku au kila juma, na mkataba ukiisha pikipiki huwa yao. Basi injini ikifa katika mwezi wa kumi, kijana hupoteza taabu ya miezi tisa, na tajiri hupoteza mali yake, nao wawili huanza kuulizana ni nani mwenye kosa. Katika mambo yauayo injini mapema, kupungukiwa na oili ndilo lililo rahisi kuliko yote kulizuia.

I. KAZI YA OILI

Ndani ya injini, pistoni hupanda na kushuka katika silinda mara elfu kadha kwa dakika moja, chuma juu ya chuma. Oili ina kazi nne. Kwanza, hulainisha, ili chuma kisile chuma. Pili, huchukua joto na kulipeleka mahali pa kupoa. Tatu, hukusanya taka ndogo ndogo za masizi na za chuma. Ndiyo sababu oili njema huwa nyeusi baada ya kazi, na weusi peke yake si dalili ya ubaya. Nne, huziba nafasi ndogo iliyo kati ya ringi za pistoni na silinda, ili nguvu ya moto isipotee. Wafugaji wa nchi yetu hawana haja ya kufundishwa sana neno hili: wajua kwamba ngozi isiyopakwa mafuta hukakamaa, kisha hupasuka.

Sasa tazama hatari ya pikipiki. Gari dogo huwa na oili lita 3 au 4, lakini pikipiki nyingi za sentimita za ujazo 100 hadi 150 huchukua kama lita 1 tu. Oili hiyo moja hutumika katika injini, katika klachi na katika giaboksi. Nusu lita ikipotea garini, gari bado lina akiba. Ikipotea katika pikipiki, nusu ya oili yote imekwenda. Tena pikipiki nyingi za aina hii hazina taa ya kuonya oili inapopungua. Shahidi pekee ni kijiti cha kupimia, na shahidi huyo hasemi mpaka aulizwe.

Oili ikipungua sana, pampu iliyo chini ya injini huvuta hewa badala ya oili, hasa pikipiki inapopanda mlima. Kile kidogo kilichobaki huzunguka upesi pasipo kupata nafasi ya kupoa. Pistoni hupata joto, hutanuka, hushika silinda, na injini husimama ghafula. Mafundi husema, imenoki. Hapo gurudumu la nyuma laweza kufunga, na mwendeshaji na abiria wake wakaanguka. Kwa hiyo, mtu akisikia injini inaishiwa nguvu ghafula au inagonga kwa sauti ya chuma, na abane klachi mara moja, aende kando ya njia, azime injini, wala asiiwashe tena kabla ya kupima oili.

II. JINSI YA KUPIMA

1. Simamisha pikipiki mahali palipo sawa, juu ya stendi ya katikati. Kama haina stendi hiyo, mtu mwingine na aishike iwe wima. Ukiiacha imelala juu ya stendi ya pembeni, oili yote huenda upande mmoja, na kipimo husema uongo.

2. Washa injini muda wa dakika 3 hivi, kisha uzime. Ngoja dakika 2 au 3 ili oili iliyo juu ishuke chini. Apimaye mara injini ilipozimwa huona oili kidogo kuliko iliyomo.

3. Futa vumbi kuzunguka kifuniko kabla ya kukifungua. Mchanga uingiao hapo huingia ndani ya injini. Kisha toa kijiti, ukifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi.

4. Rudisha kijiti. Hapa watu wengi hukosana. Katika pikipiki nyingi ndogo kijiti hutumbukizwa tu bila kukazwa, ndipo kisomwe. Katika nyingine hukazwa mpaka mwisho. Kitabu cha pikipiki yako ndicho kikatacho shauri. Ukiisha kujua njia iliyo haki, usiibadili, maana vipimo vya njia mbili havilinganishwi.

5. Soma. Kijiti kina alama mbili, ya juu na ya chini, na oili yapaswa kuwa kati yake. Baadhi ya pikipiki hazina kijiti, bali zina kioo kidogo ubavuni mwa injini, chenye alama mbili vivyo hivyo.

6. Ikihitajika kuongeza, ongeza kidogo kidogo, ungoje, upime tena. Ni rahisi kuongeza kuliko kupunguza.

Pikipiki ya kazi na ipimwe kila asubuhi kabla ya abiria wa kwanza. Kazi yote haizidi dakika kumi. Mchungaji huwahesabu ng'ombe kila jioni mlangoni pa boma, wala hangoji mpaka aambiwe kwamba mmoja amepotea.

III. JINSI YA KUANDIKA

Nunua daftari dogo la shule, upige mistari upate safu tano: tarehe, kilomita zisomekazo, oili ilipofika katika kijiti, oili iliyoongezwa kwa mililita, na maelezo, kama vile "moshi asubuhi" au "tone chini ya injini".

Safu ya nne ndiyo yenye thamani kuliko zote, nayo ndiyo watu waiachayo. Wengi humimina kwa kukisia, kisha husema "niliongeza kidogo". Neno "kidogo" haliwezi kujumlishwa. Basi tafuta kipimo. Katika duka la dawa huuzwa bomba la sindano la mililita 20. Lichukue bila sindano yake. Kwa bomba hilo tia maji katika chupa tupu ya nusu lita, mililita 50 kila mara, na kila mara piga alama kwa wino usiofutika. Kisha mwaga maji, ikaushe chupa kabisa, na chupa hiyo iwe kipimo chako cha oili siku zote. Wala isitumike tena kwa maji ya kunywa.

Jambo jingine hufanywa mara moja tu. Siku oili itakapokuwa sawasawa na alama ya chini, ongeza mililita 50, upime. Ongeza 50 tena, upime. Hata ifike alama ya juu. Hesabu umetia mara ngapi. Tuseme umetia mara 6. Basi kati ya alama mbili pana mililita 300. Andika namba hiyo ndani ya jalada la daftari. Tangu siku hiyo, ukiona oili imeshuka robo ya nafasi ile, wajua kwamba zimepotea kama mililita 75.

Mtu atauliza: Nifanyeje, na mita ya kilomita ya pikipiki yangu imekufa? Shauri lipo. Andika lita za petroli ulizonunua. Injini ile ile, katika njia zile zile, hula petroli kwa kadiri isiyobadilika sana. Kwa hiyo petroli yaweza kuwa mita yako. Badala ya kusema "oili kwa kilomita 1,000", utasema "oili kwa lita 20 za petroli". Walakini usichanganye namna mbili hizi katika daftari moja.

IV. HESABU YENYEWE

Kanuni ni hii: chukua mililita zote zilizoongezwa, zidisha kwa 1,000, kisha gawanya kwa kilomita zilizokwenda. Jawabu ni mililita za oili ziliwazo kwa kila kilomita 1,000. Lakini mwanzo wa hesabu na mwisho wake oili iwe penye alama moja, yaani alama ya juu; kama sivyo, hesabu haitakuwa kweli.

Natutunge mfano. Mwendeshaji mmoja amekwenda kilomita 1,500 kila mwezi kwa miezi mitatu. Mwezi wa kwanza aliongeza mililita 90. Hesabu yatoa mililita 60 kwa kilomita 1,000. Mwezi wa pili aliongeza 150, yatoa 100. Mwezi wa tatu aliongeza 300, yatoa 200.

Tazama vema mfano huu, maana ndani yake limo fundisho letu lote. Mtu huyu alipima kila asubuhi, na kila ilipopungua aliongeza. Kwa hiyo katika miezi yote mitatu kijiti kilimwonyesha oili kati ya alama mbili, na asingekuwa na daftari angelisema, "Injini yangu ni nzima." Kumbe ulaji wa oili umezidi mara tatu! Kuongeza oili kuliokoa injini siku ile, lakini kuliuficha ugonjwa. Daftari peke yake ndilo lililoufunua.

Tena mfikirie mwenzake mwenye injini iliyo katika hali hiyo ya mwezi wa tatu, apimaye siku ya kubadili oili tu, kila kilomita 2,000. Kwa ulaji wa mililita 200 kwa kilomita 1,000, atakuwa amepoteza mililita 400 kabla hajafungua kifuniko. Katika injini ya lita 1 zimebaki mililita 600, na hajui.

Usiulize sana, "Jirani yangu anakula ngapi?" Kila kiwanda na kitabu chake, na injini mpya yaweza kula oili zaidi mwanzoni hata ringi zizoee silinda, kisha ulaji ukashuka. Uliza hivi: "Injini yangu ilikula ngapi mwezi uliopita, na sasa yala ngapi?" Namba isiyobadilika hutuliza moyo, namba ipandayo mwezi hata mwezi yakuita kwa fundi.

V. OILI HUPOTELEA WAPI?

Milango ni miwili tu: oili huvuja nje, au huungua ndani.

Kuvuja ni rahisi kutambua. Safisha injini, na usiku tandika boksi jeupe chini yake. Asubuhi angalia tone limeanguka wapi. Mahali pa kutazama kwanza ni nati ya kumwagia oili na washa yake, kisha sili ya shafti ya sproketi ndogo ya mnyororo, na gasketi za ubavuni. Mara nyingi dawa yake ni ya bei ndogo.

Kuungua hutambulika kwa moshi wa rangi ya samawati utokao katika eksozi. Moshi mweupe mwepesi wakati wa baridi ya asubuhi, upoteao injini ipatapo joto, ni mvuke wa maji tu. Moshi mweusi ni wa petroli iliyozidi. Ule wa samawati ndio wa oili.

Tena angalia wakati wa kutoka kwake. Moshi ukizidi unapovuta mafuta na kupanda mlima, shuku ringi na silinda. Ukitoka kwa wingi mara tu unapowasha asubuhi, kisha ukakoma. Au ukitoka ulipoteremka mteremko mrefu umefunga mafuta, kama mtu ashukaye kutoka Dongobesh kwenda Dareda, na ukafungua tena chini. Hapo shuku sili za valvu. Maana unapofunga mafuta, injini huvuta kwa nguvu pasipo kupata hewa ya kutosha, na oili hufyonzwa kando ya valvu. Andika mambo haya katika safu ya maelezo, maana kubadili sili za valvu ni gharama ndogo kuliko kubadili pistoni na silinda, na fundi aliyeonyeshwa maandishi hana haja ya kubahatisha.

Na ni nini kilazo ringi na silinda? Katika nchi yetu adui mkubwa ni vumbi. Wakati wa kiangazi njia za Hanang hutoa vumbi jembamba kama unga, na pikipiki ifuatayo lori hulivuta. Chujio la hewa likiwa limetoboka, au likiondolewa ili "injini ipumue", vumbi hilo huingia katika silinda na kusugua kama msasa. Asafishaye chujio lake mara kwa mara wakati wa kiangazi huokoa oili ya masika.

VI. OILI IKIONGEZEKA YENYEWE

Wako wafurahio wakiona oili imepanda bila wao kuongeza. Haifai kufurahi. Oili haizai. Ikiwa imepanda na ina harufu ya petroli, nayo ni nyepesi kama maji, basi petroli yavuja kutoka kabureta na kushuka ndani ya injini; oili ya namna hiyo hailindi chuma. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, pengine wakati wa kuvuka korongo lililojaa. Katika hali hizi mbili usiendeshe. Tengeneza kilichoharibika, mwaga oili yote, tia mpya.

Na oili iliyozidishwa kwa mkono ina madhara pia. Krenki huipiga na kuifanya povu, na povu halilainishi; tena shinikizo huisukuma oili katika chujio la hewa na katika sili. Alama ya juu ni mpaka.

VII. OILI IPI?

Kwa kuwa klachi ya pikipiki nyingi huoga katika oili ya injini, si kila oili ya gari yafaa. Baadhi ya oili za magari zina dawa ya utelezi, nayo huifanya klachi iteleze. Tafuta katika kopo maneno JASO MA. Hiyo ni alama ya Wajapani kwa pikipiki zenye klachi ya namna hiyo. Namba kama 20W-50 au 10W-30 huonyesha uzito wa oili. Fuata iliyo katika kitabu chako. Nunua kopo ambalo kifuniko chake hakijavunjwa, wala usikubali oili ya kupimiwa katika chupa ambayo asili yake haijulikani.

Kuongeza si kubadili. Oili mpya iliyotiwa juu ya ya zamani haiondoi taka zilizomo. Siku ya kubadili ikifika, badili. Ile chafu itie katika dumu lenye kifuniko, mbali na kisima na mbali na birika la ng'ombe. Si dawa ya ngozi, ya mtu wala ya mnyama. Nawe nawa mikono kwa sabuni.

VIII. DAFTARI NI SHAHIDI

Twarudi kwa kijana na tajiri wake. Injini ikifa, tajiri husema, "Hukutia oili." Kijana husema, "Nilitia." Maneno mawili bila shahidi hayana mwisho. Lakini kijana akileta daftari, lenye tarehe, kilomita na mililita za kila asubuhi, na kuonyesha kwamba katika mwezi wa pili ulaji ulipanda naye akatoa habari, shauri huwa jepesi. Kwa hiyo twawashauri wenye pikipiki na waendeshaji waandike katika mkataba ni nani anunuaye oili ya kubadili, ni nani anunuaye ya kuongeza, na ni ulaji wa kiasi gani utakaoifanya pikipiki ipelekwe kwa fundi. Na kila mwisho wa mwezi walitazame daftari pamoja. Tajiri akaguaye daftari hutengeneza sili. Asiyekagua hununua injini.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini kipimo cha juu ya stendi ya pembeni si cha kweli?

2. Pikipiki imekwenda kilomita 1,200, na imeongezwa mililita 180 hata kurudi penye alama ya juu. Yala mililita ngapi kwa kilomita 1,000? (Jawabu: 150.)

3. Mwezi uliotangulia pikipiki hiyo ilikula 70 kwa kilomita 1,000. Mwendeshaji afanye nini, na aanze kutazama wapi?

4. Oili imepanda kupita alama ya juu nawe hukuongeza. Taja sababu mbili.

Ayajibuye maswali haya bila kutazama nyuma, na anunue daftari kesho, aandike mstari wa kwanza kabla ya abiria wa kwanza.